Sakafu ya simenti: hesabu ya chumba kimoja Baraka na Fizi

Watu wengi Baraka huingia nyumba ikiwa na kuta na mabati tu, chini bado udongo. Pesa kidogo ikipatikana, swali ni moja: mifuko mingapi?

Chumba cha mita 4 kwa 3, unene wa sentimita 10, kinakula mita za ujazo 1,2 za beto. Kwa kilo 300 za simenti kila mita ya ujazo, hiyo ni kilo 360: mifuko 8 ya kilo 50. Ulizia bei siku ile ile ya kununua. Mfuko wa kupanda mpaka Fizi unaongezewa pesa ya gari.

Fundi akisema sentimita 5 zinatosha, unabakisha mifuko 4. Lakini juu ya udongo laini wa kando ya ziwa, sakafu nyembamba inapasuka haraka. Afadhali umalize chumba kimoja, vingine vingoje.

Mawe ya chini yasisahaulike: safu ya sentimita 15 ni mita za ujazo 1,8, na ndiyo inapunguza unyevu kupanda. Ziwa Tanganyika lilijaa sana mwaka 2024. Mwenye kiwanja cha chini ainue udongo kwanza na kuushindilia. Kisha sakafu inamwagiliwa siku 7, kwa hiyo anayenunua maji kwa bidoni ayahesabu pia.