Umeme wa Buluu, Umeme Mwekundu

Mwezi Mei 2009, studio ya Sucker Punch ya mji wa Bellevue, jimbo la Washington nchini Marekani, ilitoa gemu la PlayStation 3 lililoitwa inFamous. Mhusika wake mkuu, Cole MacGrath, ni tarishi wa baiskeli. Anakabidhiwa kifurushi, kifurushi kinalipuka, mitaa kadhaa ya Empire City inageuka vifusi na maelfu ya watu wanakufa. Yeye anazinduka akiwa na umeme mwilini. Tauni inazuka, serikali inaufunga mji, magenge yanagawana mitaa, na mchezaji anaachiwa uwanja: apande majengo, ateleze juu ya nyaya, amponye mpita njia aliyeanguka au amfyonze uhai wake. Kwenye skrini kuna kipimo. Mema hukisogeza upande wa buluu, maovu upande wa wekundu, na radi za Cole hufuata rangi hiyo. Wengi hulitaja gemu hili kuwa mfano wa jinsi burudani hii ilivyojifunza kuuliza maswali ya maadili. Mimi naliona kama ushahidi wa jambo jingine. Desturi ya kupima wema wa mchezaji ilikuwa na umri wa karibu robo karne lilipotoka, na humo ndimo tunamoona wazi jinsi desturi hiyo ilivyohama kutoka kwenye dhamiri ikaenda kwenye bei. Wema ulikuwa ukihesabiwa tangu mwanzo, na kuhesabu peke yake hakukuharibu kitu. Uharibifu ulikuja pale hesabu ilipowekwa mbele ya macho ya mchezaji na kuanza kulipwa.

Ili kuona tofauti hiyo inabidi kurudi mwaka 1985, Richard Garriott na kampuni yake ya Origin walipotoa Ultima IV. Magemu yake ya awali yalikuwa ya kawaida: kuna mwovu, kuna silaha, muue. Origin ilipoanza kuchapisha kazi zake yenyewe, barua za wateja zilimfikia Garriott moja kwa moja, zikiwemo za wazazi waliokasirishwa na yaliyomo, na akaona pia jinsi wachezaji walivyokuwa wakiwaibia na kuwaua wanakijiji wasio na hatia ili wafike mwisho haraka. Jibu lake lilikuwa gemu lisilo na mwovu wa mwisho wa kuuawa. Lengo ni kufikia ukamilifu katika fadhila nane: ukweli, huruma, ujasiri, haki, kujitoa mhanga, heshima, maisha ya kiroho na unyenyekevu. Mfano unaofahamika zaidi ni wa mwanamke kipofu anayeuza mitishamba ya kutengenezea uganga. Yeye hakuoni, anakuamini uhesabu sarafu mwenyewe. Unaweza kuchukua mzigo mzima na kumwachia sarafu moja, wala hakuna kengele inayolia, hakuna askari anayekuja, hakuna tarakimu inayoshuka mbele ya macho yako. Lakini kompyuta imeandika. Ukitaka kujua hali yako lazima uende kwenye kasri la mfalme, Lord British, ukamuulize mwonaji aitwaye Hawkwind, naye hujibu kwa maneno, hakupi alama. Mchezaji aliyempunja kipofu huenda akagundua baada ya saa nyingi kwamba mlango wa fadhila umefungwa, na asikumbuke hata ni kwa kosa gani. Hesabu ilikuwepo, tena kali. Ila kwa kuwa ilifichwa, na kwa kuwa wizi ule ulikuwa na faida ya papo hapo na uaminifu ulikuwa na gharama, mtu aliyemlipa kipofu haki yake alikuwa ametoa kitu mfukoni bila kujua atarudishiwa lini.

Miaka iliyofuata ilifukua kilichofichwa. Mwaka 1997 Fallout iliweka karma kama tarakimu ambayo mchezaji angeweza kuitazama kwenye ukurasa wa sifa zake. Mwaka 2003 BioWare ya Kanada ilitoa Knights of the Old Republic, ambamo pande mbili za nguvu katika dunia ya Star Wars ziligeuka ngazi ya kupanda na kushuka; uwezo wa upande wako ukawa rahisi kutumia, na aliyefika kileleni au chini kabisa akapewa ziada. Mwaka uliofuata Fable ikauandika uadilifu mwilini: mwovu huota pembe, mwema hung'aa duara la nuru kichwani. Halafu ikaja BioShock mwaka 2007 na wasichana wadogo wanaobeba dutu ya kununulia uwezo mpya. Ukimuua msichana unapata 160, ukimwokoa unapata 80. Hapo ingekuwa mtihani wa kweli, kwamba huruma ikugharimu nusu ya mali. Lakini kila ukiokoa watatu unaletewa zawadi, na zawadi hizo zinaifidia hasara karibu yote. Watengenezaji waliogopa kumwacha mwema akiwa maskini, na woga huo ndio ulioikuta inFamous njiani.

Katika Empire City woga huo umekuwa utaratibu. Upande wa mema una ngazi tatu, upande wa maovu una ngazi tatu, na uwezo mkubwa wa kila upande hufunguka tu kwa aliyepanda ngazi husika. Bomu la umeme la mwema huwafunga maadui pingu papo hapo. La mwovu hupasuka vipande vingi na kuteketeza eneo. Yote mawili ni mazuri, yote yanasisimua, na humo ndimo lilimo tatizo. Mchezaji anayefikiri kila tukio kivyake, leo akahurumia na kesho akakasirika, hubaki katikati ya kipimo akiwa dhaifu kuliko mtakatifu na kuliko jambazi. Gemu linamwadhibu mtu pekee anayefanya kile ambacho linadai kumtaka afanye, yaani kuamua. Mwenye akili ya kawaida huligundua hili ndani ya saa moja, akachagua rangi mara moja tu, kisha matukio yote yanayofuata yanakuwa ya kutekeleza agizo alilojipa mwanzoni. Ni kama daftari la duka ambalo mteja amekwisha kuandika ndani yake kitakachonunuliwa mwaka mzima.

Zaidi ya hayo, gemu halimwachii mchezaji hata kazi ya kutambua jema ni lipi. Linapofika tukio kubwa la uamuzi, dunia inasimama, na sauti ya Cole mwenyewe inaeleza njia mbili: naweza kufanya hivi, au naweza kufanya vile. Tukio la kwanza la namna hiyo ni la chakula cha msaada kilichodondoshwa kwa ndege na kunasa juu ya sanamu katikati ya uwanja. Cole anakishusha. Je, awaachie wenye njaa wagawane, au awapige radi akibakize kwa ajili yake, rafiki yake Zeke na mpenzi wake Trish? Swali lenyewe lina uzito wa kweli. Mji umefungwa, hakuna ajuaye msaada mwingine utakuja lini, na wajibu wa mtu kwa watu wake haujawahi kuwa jambo la kudharau. Mwandishi mzuri angeweza kukaa hapo sura nzima. Lakini kwa kuwa upande mmoja umekwisha kupakwa buluu na mwingine wekundu, njaa ya Zeke na Trish haina nafasi tena katika mizani. Swali limejibiwa kabla halijaulizwa.

Ushahidi mzito kuliko wote ni kifo cha Trish. Kessler, adui mkuu, anamning'iniza juu ya jengo moja, na juu ya jengo jingine ananing'iniza madaktari sita. Muda unatosha kufika upande mmoja tu. Ukiwaokoa madaktari, Trish anakufa. Ukimkimbilia Trish, unagundua kwamba uliyemwokoa ni mwanamke mwingine aliyewekwa kama chambo, na Trish alikuwa miongoni mwa madaktari, anakufa vilevile. Kama hila ya hadithi, nalisifu tukio hili, maana linaonyesha jeuri ya Kessler ya kutaka kumfundisha Cole kwa nguvu. Kama uamuzi wa mchezaji, ukiondoa maneno ya kuagana na hatima ya watu wasio na majina, kinachobaki tofauti ni kipimo. Yaani pale gemu lilipofikia uchungu wake mkubwa kuliko wote, dunia haikujali ulichoamua. Daftari peke yake ndilo lililojali.

Hapa mtetezi wa gemu hili atasema kwamba nadai mambo yasiyo ya aina yake. Hadithi za mashujaa wenye nguvu za ajabu, atasema, ni za weupe na weusi. Rangi mbili ndizo lugha yao, na Sucker Punch, iliyosimulia sehemu za hadithi yake kwa picha za mtindo wa vitabu vya katuni, ilifuata mila. Hoja hiyo inasahau mila hiyo ilitoka wapi. Weupe na weusi wa katuni za Marekani uliimarishwa kwa masharti yaliyoandikwa: mwaka 1954, baada ya vikao vya kamati ya Seneti kuhusu uhalifu wa vijana, wachapishaji walijiwekea kanuni iliyotaka kila mara wema ushinde na mhalifu aadhibiwe. Waandishi walianza kuitanua kanuni hiyo mapema. Spider-Man alipozaliwa mwaka 1962 mikononi mwa Stan Lee na Steve Ditko, kiini chake kilikuwa kijana ambaye wema unamtia hasara: anakosa fedha ya kodi, anakosa miadi, gazeti linamtukana kila asubuhi. Mwaka 1973 mpenzi wake, Gwen Stacy, alikufa katika jaribio lenyewe la kumwokoa, na hakuna aliyempa Spider-Man nguvu mpya kama fidia. Marvel iliiacha kanuni mwaka 2001, na DC ikaifuata mwaka 2011. Kwa hiyo mila iliyo hai ya shujaa ilikuwa ya kutenda mema huku ukipoteza. Katika Empire City mwema hushangiliwa barabarani, na mwovu hurushiwa mawe na watu ambao kwa radi moja tu wangenyamaza. Gemu lilichukua vazi la shujaa likaacha gharama yake.

Lipo pingamizi lenye nguvu zaidi, nalo ni la takwimu. Sucker Punch ilipoandaa inFamous Second Son, iliyotoka 2014 ikiwa na shujaa mpya, Delsin Rowe, katika mji wa Seattle, ilibidi ichague ni mwisho upi wa gemu la pili, la 2011, uhesabiwe kuwa ndio uliotokea. Katika mmoja Cole anatoa uhai wake, na wa wenzake wote wenye nguvu kama zake, ili kuponya tauni. Katika mwingine anamuua Zeke na kuwa janga lenyewe. Studio iliangalia kumbukumbu za tuzo za wachezaji, ikakuta wengi mno walichagua kufa, ikaujenga mwendelezo juu ya hilo. Kwa Mass Effect ya BioWare hali ni hiyohiyo; mmoja wa waliolitengeneza alisema mwaka 2020 kwamba zaidi ya asilimia 90 walifuata upande wa wema. Kama kipimo kimegeuza maadili kuwa bei, na pande zote mbili zinalipa sawa, mbona watu hawagawanyiki nusu kwa nusu? Nakubali kwamba jibu lake linapunguza ukali wa hoja yangu: mtu huja kwenye gemu na dhamiri yake, na kipimo hakina uwezo wa kuifuta. Lakini takwimu hizo hizo zinasema pia kwamba dhamiri ilifanya kazi licha ya kipimo. Isitoshe, pale mwishoni mwa gemu la pili hakuna uwezo mpya uliobaki wa kununua na kuutumia kwa muda mrefu, na anayepigwa radi ni rafiki aliyekula na kulala nawe kwa magemu mawili. Wachezaji walimhurumia Zeke kwa sababu waandishi walimpa utu.

Hoja ya biashara haihitaji maneno mengi. Njia mbili humfanya mnunuzi acheze mara mbili, na Sony ilikuwa imeanzisha tuzo zake za PlayStation mwaka 2008, zinazomtia mtu hamu ya kumaliza kila kitu. Hakuna aibu katika hilo, ila tusiliite falsafa.

Wakati huohuo wengine walikuwa wakirudisha pazia. The Witcher ya Poland, mwaka 2007, ilificha matokeo ya uamuzi kwa saa nyingi, hata kutengua ukawa hauwezekani. Undertale ya Toby Fox, mwaka 2015, ilikwenda mbali zaidi: unaweza kuanza upya, na bado gemu likakumbuka uliyemuua. Sucker Punch yenyewe, baada ya Second Son ambayo bado ilikuwa na kipimo chake cha buluu na wekundu, ilikitupa kabisa katika Ghost of Tsushima ya mwaka 2020. Jin Sakai, samurai anayeacha heshima ya ukoo ili awashinde Wamongolia, anafikishwa mbele ya mjomba wake, Lord Shimura, na mchezaji anaamua amuue kama desturi inavyodai au amwache hai. Hakuna alama, hakuna sauti ya kueleza, na wachezaji wamebishana kuhusu uamuzi huo kuliko walivyowahi kubishana kuhusu chakula kilichonasa kwenye sanamu. Hata hivyo studio ililipa kodi fulani kwa usafi huo, na watetezi wa inFamous wana haki ya kuidai. Jin hawezi kuinua upanga dhidi ya mkulima. Gemu limemnyima kitendo hicho, na ukatili wa njia ya kivuli anayoifuata umeandikwa tayari kwenye hadithi, uwe umeupenda au hukuupenda. Cole, pamoja na ujinga wote wa kipimo chake, aliweza kuinama juu ya mtu aliyelala barabarani, katika kila mtaa wa mji ule, akiwa na kitufe kimoja cha kumponya na kingine cha kummaliza.