Walioijenga Misheni ya Bagamoyo

Mgeni anayefika Misheni ya Bagamoyo huonyeshwa mnara kabla ya vitu vingine, na jina la kwanza kulisikia ni la David Livingstone. Februari 1874 maiti ya Mskoti huyo, iliyokaushwa kwa chumvi na jua, ilifikishwa hapa na Abdullah Susi, James Chuma na wenzao, baada ya kubebwa mabegani kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Ikapokewa misheni, ikavushwa Unguja, ikaenda kuzikwa London. Livingstone hakuwa Mkatoliki. Alifika akiwa maiti, akaondoka akiwa maiti, na mnara wa kanisa la zamani ukabaki na jina lake. Walioishi kuuzunguka mnara huo miaka nenda miaka rudi hawana hata kibao.

Watu hao walikuwa watumwa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioongozwa na Padre Antoine Horner, Mfaransa, walikuwa Unguja tangu 1863. Machi 1868, kwa ridhaa ya Sultani Majid, walivuka na kuweka makao Bagamoyo, ilikoishia njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilishuka hapo zikiwa mabegani mwa wapagazi, na pamoja nazo watu wa kuuzwa. Mapadre waliwanunua baadhi yao, hasa watoto, wakawaweka misheni.

Tendo hilo lilizua maswali tangu zamani hizo: anayetoa fedha kumkomboa mtumwa mmoja hamtii moyo mfanyabiashara kwenda kuteka wengine wawili? Baada ya Sultani Barghash kufunga soko la Unguja mwaka 1873, watumwa wengine waliofika misheni walitoka majahazini, wakiwa wamekamatwa na manowari za Waingereza na kukabidhiwa kwa wamisionari.

Wakombolewa walipokua waliozeshwa, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Kikristo kando ya misheni. Kengele ndiyo iliyowaamsha, ikawapeleka kusali, ikawapeleka kazini. Walifyeka pori, wakapanda minazi, wakachoma chokaa, wakabeba mawe. Uhuru wenyewe ulikuwa na mipaka, kwani kazi ya misheni haikuwa ya hiari, na waliotoroka hawakuwa wachache. Kuwalaumu mimi siwezi. Mtu aliyeuzwa mara tatu njiani hawezi kutofautisha upesi padre mnunuzi na mnunuzi mwingine.

Walikuwa wametoka sehemu mbalimbali, kila mmoja na lugha yake, basi Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kati ya mapadre waliofanya kazi huku alikuwamo Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris mwaka 1939. Wanaisimu wanaitumia hadi leo, na sidhani kama wengi wao hufikiri ni midomo ya nani iliyomfundisha mwandishi wake.

Aprili 1872 kimbunga kilichopiga pwani na Unguja kiliangusha karibu kila kitu, na watu wa misheni wakajenga upya. Nyumba ya mapadre iliyo na roshani za ghorofa ilijengwa miaka hiyo ya 1870. Makaburi ya jirani yanaonyesha gharama nyingine: wamisionari wengi waliolala humo walikufa wangali vijana, homa zikiwa adui mkubwa. Kanisa kubwa linalotumika sasa lilianza kujengwa 1910, likakamilika 1914, mkesha wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Wakati wa vita vya Bushiri, kiongozi wa wapiganaji wa pwani, dhidi ya Wajerumani, 1888 na 1889, mji ulipigwa mizinga na maelfu walikimbilia uwanja wa misheni. Bushiri hakuishambulia. Waislamu wa Bagamoyo na misheni walikuwa wameshazoeana kwa miaka ishirini, na mapadre hawakuwahi kuugeuza mji ule kuwa wa Kikristo.

Kutoka hapa mapadre walipanda bara: Mhonda mwaka 1877, kisha Mandera, Morogoro, hadi Kilimanjaro. Bagamoyo ikawa vikariati mwaka 1906, lakini uzito ulikuwa umeshahamia milimani, na mwaka 1953 vikariati hiyo ikawa Jimbo la Morogoro. Misheni mama ikabaki parokia ya pembeni ndani ya jimbo lililozaliwa kwake.

Parokia hiyo ina maisha yake. Wanakwaya hufanya mazoezi, jumuiya ndogondogo husali majumbani, watoto hufundishwa katekisimu kwa ajili ya komunyo ya kwanza. Mahujaji hushuka kwenye mabasi, wanapita chini ya miembe iliyopandwa zamani, wanasali, wanaingia jumba la makumbusho lenye minyororo na picha za kale, kisha wanauzunguka mbuyu kutafuta kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Inasimuliwa kwamba mnyororo huo ulifungiwa punda. Mwaka 2018 Kanisa la Tanzania Bara lilikuja hapa kuadhimisha miaka 150 ya Uinjilishaji.

Machi 2025 Papa Fransisko aliunda Jimbo la Bagamoyo na kumteua Stephano Musomba kuwa askofu wake wa kwanza.