Merikebu za Columbus zashuka, pipa lapanda

Januari 13, 2025 Bunge la Trinidad na Tobago lilipitisha jambo lililozua ubishi tangu Waziri Mkuu Keith Rowley alipolitangaza Agosti iliyotangulia: merikebu tatu za Columbus zitoke kwenye ngao ya taifa, na mahali pake iwekwe pani, ile ala ya chuma inayotengenezwa kwa pipa la mafuta. Ngao ilichorwa 1962, mwaka wa uhuru, na msanii Carlisle Chang alikuwa miongoni mwa walioibuni. Wapo waliolalamika kwamba historia inafutwa. Historia ipi hasa? Wengi huzitaja merikebu hizo kwa majina ya Niña, Pinta na Santa María, ilhali Santa María ilivunjikia pwani ya Haiti Krismasi ya 1492, na Columbus alikiona kisiwa cha Trinidad Julai 31, 1498, katika safari yake ya tatu.

Wahispania walikishikilia kisiwa karne tatu. Mwaka 1783 walifungua mlango kwa walowezi Wakatoliki, Wafaransa wakaja na watumwa wao na kanivali yao. Waingereza walikiteka 1797. Utumwa ulikoma kabisa Agosti 1, 1838, na kuanzia 1845 wakaanza kuletwa vibarua kutoka India. Hayo yamo katika kila kitabu cha watalii.

Stephen Stuempfle, ambaye kitabu chake cha 1995, The Steelband Movement, ndicho nilichokitegemea zaidi hapa, anaitafuta asili ya pani mbali zaidi ya pipa, kwenye mienge. Shamba la miwa liliposhika moto usiku, watumwa wa mashamba ya jirani waliswagwa kwenda kuuzima na kuiwahi miwa kabla haijaharibika. Walipokuwa huru waliigeuza adha hiyo kuwa mchezo: mienge, ngoma, fimbo, nyimbo. Mchezo ukaitwa Canboulay. Wengi husema jina limetokana na maneno ya Kifaransa ya miwa iliyoungua, lakini wapo wanaolirudisha Kongo, kwenye neno kambule, yaani maandamano. Mimi nawaelekea hawa wa Kongo, ingawa wanaisimu hawajamaliza ubishi wao.

Mkuu wa polisi, Kapteni Arthur Baker, hakuupenda mchezo huo. Mwaka 1880 aliwataka watu wasalimishe mienge, ngoma na fimbo, nao wakatii bila matata. Akadhani amewaweza. Mwaka wa pili yake, usiku wa kuamkia Jumatatu ya Februari 28, aliwaingia tena na askari wake katika mitaa ya katikati ya Port of Spain, na safari hii walikuwa wakimsubiri. Makundi ya wapiga fimbo, ambayo siku zote yalikuwa yakitwangana yenyewe kwa yenyewe, yalisimama upande mmoja. Taa za barabarani zilivunjwa, mji ukawa giza, na mawe na chupa vikafanya kazi yake. Askari 38 walijeruhiwa.

Kulipokucha, Gavana Sanford Freeling alifanya jambo ambalo magavana wa enzi zile hawakulizoea. Alishuka mwenyewe hadi soko la mashariki, akawaambia watu kwamba kumetokea kutoelewana, akawaomba tu waache mienge kwa sababu mji ungeweza kuungua, na akaahidi kuwaweka askari kambini. Watu walimshangilia, wakaendelea kucheza. Matajiri wa mji walikasirika kwelikweli, na London ikamtuma ofisa wake, R. G. Hamilton, kuja kuchunguza.

Furaha haikudumu. Sheria ya 1884 ilibana mienge, ngoma na mikusanyiko ya wenye fimbo. Oktoba mwaka huohuo, mjini San Fernando, polisi waliwapiga risasi Wahindi waliokuwa kwenye maandamano ya Hosay, yaani maombolezo ya Ashura, wakaua.

Ngoma ikizuiwa, mikono haikai bure. Watu walikata mianzi, mipana kwa mitwangio mizito, myembamba kwa milio mikali, wakaitwanga chini. Ikaitwa tamboo bamboo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ilifuata zamu ya makopo ya biskuti na vifuniko vya mapipa ya taka, kisha mapipa ya mafuta, ambayo vita na kambi za Wamarekani viliyajaza kisiwani. Kitako cha pipa kinagongwa kwa nyundo mpaka kibonyee kama karai, mipaka ya noti inachorwa kwa msumari butu, chuma kinapitishwa motoni, kisha fundi anainama juu yake na nyundo ndogo, sikio likiwa karibu na chuma. Winston "Spree" Simon na Ellie Mannette kila mmoja ana watu wake wanaoapa kwamba ndiye aliyeanza.

Wapigaji waliitwa wahuni, na binti aliyeonekana kwenye uwanja wa pani alijua kinachomngoja nyumbani. Kuna ukweli kidogo: mwaka 1950 bendi za Invaders na Tokyo zilipigana mitaani. Lakini mwaka uliofuata vijana wa bendi hasimu walikusanywa katika kundi moja, TASPO, wakapanda meli kwenda London kupiga kwenye Tamasha la Uingereza. Mmoja wao, Sterling Betancourt, hakurudi nao, akabaki kuwafundisha Waingereza.

Panorama, mashindano ya bendi za pani, yalianza 1963, na mwaka 1992 pani ikatangazwa ala ya taifa. Kutangaza ni rahisi. Miaka tisa baadaye Wamarekani wawili walipata hataza ya njia ya kuiunda kiwandani, na ndipo Port of Spain iliposhtuka.

Kwa hiyo ukienda likizo Trinidad, ufuo utakusubiri. Ijumaa ya kabla ya kanivali amka saa tisa usiku uende Piccadilly Greens, ambako vita vya Baker huigizwa upya kila mwaka kabla jua halijachomoza. Baada ya hapo watu hutawanyika kutafuta doubles, vile vimikate viwili laini vya kukaanga vyenye dengu katikati, urithi wa wale vibarua wa India. Omba pilipili kidogo tu.