Mtetemo wa Mkononi Katika Uhalisia Pepe: Kwa Nini Haufanani Kila Kifaa, na La Kufanya



Vijana wetu wa Pwani wanaojifunza kutengeneza programu wameanza kuingia katika uhalisia pepe, na kuna tatizo moja ambalo wengi hukutana nalo mapema. Mtetemo uliotengenezwa vizuri kwenye kifaa kimoja huwa hafifu kwenye kingine, na pengine haupo kabisa. Leo nataka kueleza sababu zake na namna ya kulikabili.

Kwanza tuelewane. Uhalisia pepe ni ile miwani mikubwa inayofunika macho na kumwonyesha mtu dunia iliyoundwa na kompyuta. Macho hupewa picha, masikio hupewa sauti. Mikono hupewa mtetemo kupitia vishikio viwili, kimoja kila mkono. Ukigusa meza iliyo ndani ya picha, kishikio hutetemeka kidogo. Ukigonga msumari, hutetemeka kwa nguvu.

Atakayesema hayo ni michezo ya watoto nitamwomba asubiri. Miwani hii hutumika pia kufundishia kazi, kuanzia upasuaji hadi uendeshaji wa mitambo. Chukua mfano wa programu ya kumfundisha fundi wa umeme, inayomwonya kwa mtetemo peke yake kwamba mkono wake umekaribia waya wenye umeme. Kwenye kifaa cha aliyeitengeneza onyo lilikuja. Kwenye kifaa cha mwanafunzi halikuja. Mwanafunzi huyo ataondoka akiamini amefanya sawa, na tabia hiyo ataipeleka kwenye nyumba za watu.

Mota hazifanani

Ndani ya kishikio mna mota ndogo, nazo ni za aina tatu kuu. Ya kwanza ina kipande cha uzito kilichoegemea upande mmoja, na hutetemesha kwa kuzunguka. Hii ni ya bei nafuu, lakini huchukua muda kuanza na kusimama. Tena nguvu na kasi yake zimefungwa pamoja: ukitaka itetemeke kwa nguvu zaidi, sharti izunguke haraka zaidi.

Ya pili ina uzito uliokaa juu ya springi, unaokwenda mbele na nyuma. Huitikia upesi, lakini ina kasi moja inayoipenda, mara nyingi kati ya mitetemo 150 na 250 kwa sekunde. Ukiitoa hapo, nguvu yake hushuka sana.

Ya tatu hufanya kazi kama spika ya redio, na inaweza kutoa kasi nyingi tofauti, nzito na nyepesi.

Ngozi nayo ina mapendeleo yake. Kiganja cha mwanadamu huhisi vyema zaidi mitetemo inayokaribia 250 kwa sekunde. Ile ya polepole, chini ya 50, huihisi kama kupapa.

Wapigaji ngoma wetu wanalielewa jambo hili bila darasa. Chapuo ni ndogo na mlio wake ni mkali, vumi ni kubwa na mlio wake ni mzito. Pigo moja ukilitoa kwenye chapuo ukalipeleka kwenye vumi, halibaki lilelile. Lakini mwendo wa mapigo, mawili ya haraka kisha kimya kisha moja, utatambulikana kwenye ngoma zote mbili. Tuliweke hilo akilini.

Lugha moja ya vifaa vingi

Zamani kila kampuni ilikuwa na amri zake, na mtengenezaji alilazimika kuandika upya kazi ileile kwa kila kifaa. Mwezi wa Julai 2019, muungano wa makampuni uitwao Khronos Group ulitoa OpenXR 1.0, kanuni ya pamoja ya kuzungumza na vifaa hivi. Toleo la 1.1 lilifuata Aprili 2024.

Katika OpenXR, programu haiiti mota ya kampuni fulani. Inataja kitendo, tuseme "onyo", kisha inakiunganisha na mkono wa kulia au wa kushoto. Amri ya mtetemo ina mambo matatu: muda, kasi, na nguvu kuanzia 0 hadi 1. Muda huandikwa kwa nanosekunde, na sekunde moja ina nanosekunde bilioni moja. Anayeandika 200 akidhani ni milisekunde hatahisi kitu. Kasi unaweza kuiacha bila kuitaja ili kifaa kichague kinachokifaa, na kwa mota za springi huo ndio uamuzi wa busara.

Hata hivyo, kanuni hii haimalizi kazi. Nguvu ya 0.5 ni nusu ya uwezo wa kifaa husika, na uwezo wenyewe haulingani. Pili, ikiwa hakuna kifaa kinachofaa, mfumo unaruhusiwa kuipuuza amri. Tatu, amri mpya kwa mota ileile hukatiza iliyotangulia. Onyo la hatari linaweza kufutwa na mguso mdogo wa meza uliokuja nyuma yake.

Kisha kuna mambo ambayo kampuni moja inayo na nyingine haina. PlayStation VR2 iliyotoka Februari 2023 hutetemesha hata miwani yenyewe, na vitufe vyake vya kidole vinaweza kuwa vigumu au vyepesi. Lakini Sony ilipotoa kiunganishi cha kuitumia kwenye kompyuta mwaka 2024, mambo hayo yaliachwa, ukabaki mtetemo wa kawaida tu. Apple Vision Pro ilipoanza kuuzwa Februari 2024 haikuja na vishikio. Mtu alitumia macho na mikono mitupu. Hata mwenye Quest akiweka vishikio chini na kutumia mikono yake, mtetemo wote umekwenda.

La kufanya

Ushauri wangu kwa mtengenezaji ni huu.

Anza na maana kabla ya namba. Andika ujumbe unaotaka mkono uupate: umegusa, umefaulu, jihadhari, simama. Minne inatosha, kwa sababu mkono hauwezi kukariri kamusi.

Tofautisha ujumbe kwa mwendo wa mapigo, wala usitegemee nguvu au kasi pekee. Mguso uwe pigo moja fupi, onyo liwe matatu yenye nafasi kati yake. Mwendo huo utavuka kutoka mota hadi mota, kama tulivyoona kwenye ngoma. Pigo la milisekunde 10 linaweza kupotea kabisa kwenye mota ya kuzunguka, kwa hivyo lirefushe huko.

Weka vipimo vya kila kifaa mahali pamoja katika programu. Ukipata kifaa kipya, utaongeza mstari mmoja badala ya kupekua kila ukurasa.

Panga daraja. Onyo likiwa linaendelea, programu yako yenyewe ikatae kutuma mitetemo midogo hadi liishe.

Usiache jambo la usalama mikononi mwa mtetemo peke yake. Liambatanishe na sauti na alama ya kuonekana. Hili humfaa pia asiyesikia vizuri, na yule ambaye mikono yake haivumilii mtetemo, ambaye apewe nafasi ya kuupunguza au kuuzima.

Mwisho, jaribu kwenye vifaa viwili vyenye mota tofauti, na mara moja kwa mikono mitupu. Mpe rafiki yako avae miwani, umzimie picha na sauti, umwulize kila mtetemo unamwambia nini. Akikosea mara kwa mara, rudi kwenye mapigo yako kabla hujalaumu kifaa. Najua miwani hii ni ghali, na ndiyo maana nahimiza vikundi vya vijana vinunue vifaa vichache vya aina mbalimbali na kuvitumia kwa zamu, badala ya kila mtu kununua cha aina ileile.

Mwanafunzi anayeshika kishikio cha bei ya chini ana haki ya onyo lilelile analopata mwenye kishikio cha bei ya juu. Atakayetengeneza programu ya mafunzo asiiuze kabla hajahakikisha hilo.