Kamba ya RecA na Kipindupindu cha Ziwa

Kidole kimoja hakivunji chawa, wasema wahenga. Na bakteria, asiyeonekana kwa macho, hufuata kanuni iyo hiyo. Mwaka 1965 Clark na Margulies walitangaza huko Marekani kuwa wamepata bakteria waliopungukiwa na uwezo wa kuunganisha upya nyuzi zao za urithi. Kasoro hiyo ilikuwa katika jeni iitwayo recA. Protini yake moja peke yake haiwezi kazi; lakini DNA inapoharibika na kubaki uzi mmoja, protini hizo huja moja baada ya moja, zikashikana na kuuzunguka mfano wa kamba isokotwayo, sita hivi kwa kila mzunguko. Kamba hiyo hutafuta nakala nzima ya kufuatisha, tena huamsha jeni za ukarabati zilizolala.

Jambo hili lawahusu pia wakazi wa mialo ya Ziwa Viktoria. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilifika hata Mwanza. Nao Beaber, Hochhut na Waldor walikwisha kuonyesha mwaka 2004 kuwa siprofloksasini, kwa kuharibu DNA ya bakteria wa kipindupindu, huiamsha RecA. Na kwa sababu hiyo kipande kiitwacho SXT, chenye jeni za ukinzani, huhamia kwa bakteria wengine.

Basi dawa itumiwayo ovyo yaweza kumwandaa adui. Maji safi na vyoo havina hatari hiyo: bakteria asiyefika kinywani hahitaji kuuawa.