Kugeuza riwaya kuwa filamu bila kung'oa mizizi yake

MNAMO Desemba 2004, runinga ya Sci Fi Channel nchini Marekani ilionyesha filamu ya sehemu mbili iliyotokana na riwaya za Earthsea zake Ursula K. Le Guin. Siku chache baadaye, mwandishi huyo alichapisha makala katika jarida la mtandaoni la Slate akiikosoa vikali.

Lalama yake kuu ilihusu rangi ya ngozi. Katika riwaya ya kwanza, A Wizard of Earthsea (1968), mchawi kijana Ged ana ngozi ya hudhurungi iliyoiva wekundu, na rafikiye Vetch ni mweusi. Weupe ni Wakargi, ambao huvamia visiwa vya wenzao. Filamuni, Ged aliigizwa na mzungu, na karibu wahusika wote wakuu wakawa weupe.

Huenda msomaji akauliza: rangi ina uzito gani katika visiwa vya kubuni? Ina uzito mkubwa. Fantasia nyingi za Kiingereza za wakati huo ziliiga Ulaya ya kale, na mashujaa wake walikuwa weupe. Le Guin aliukiuka mkondo huo kwa makusudi. Alieleza kwamba baadhi ya wasomaji wasio wazungu walimwambia kuwa vitabu hivyo pekee ndivyo vilivyowafanya wajihisi wamo katika utanzu huo. Filamu iliwapokonya nafasi hiyo.

Mtazamo huo ulikuwa na chimbuko. Le Guin, aliyezaliwa mwaka wa 1929 na kufariki 2018, alikuwa bintiye Alfred Kroeber, mwanaanthropolojia aliyetafiti jamii asilia za California. Mamake, Theodora, aliandika maisha ya Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi. Ishi lilimaanisha 'mtu' tu. Kwa kufuata mila zao, hakulitaja jina lake halisi.

Katika Earthsea vilevile, jina la kweli ni siri inayofunuliwa kwa mwandani pekee, kwani alijuaye anaweza kumtawala mwenyewe. Ged ndilo jina la siri. Hadharani huitwa Sparrowhawk. Filamu iliyageuza majina hayo, la siri likawa la hadharani. Kosa hilo laonekana dogo, lakini lilivunja kanuni inayobeba uchawi wote wa hadithi.

Fauka ya hayo, Le Guin aliathiriwa na falsafa ya Kichina ya Tao, na mwaka wa 1997 alichapisha tafsiri yake ya kitabu cha Lao Tzu. Ndiyo maana mchawi wa Earthsea hufunzwa kulinda mizani ya ulimwengu. Ged haliui lile zimwi la kivuli alilolizua kwa kiburi. Hulikabili na kuliita kwa jina lake mwenyewe.

Mnamo 2006, studio ya Ghibli ya Japani ilitoa filamu yake, ikiongozwa na Goro Miyazaki. Le Guin aliusifu uzuri wa picha zake, ila akasikitika kwamba uovu ulirundikwa kwa mhalifu mmoja ambaye kifo chake kilimaliza matatizo yote. Hata waliotoka Asia, palipozaliwa Tao, waliweza kuupoteza uzi huo.

Hii haimaanishi kwamba kila sura ihamishwe jinsi ilivyo. Filamu ina muda wake, na mwongozaji ana ruhusa ya kufupisha matukio na kuunganisha wahusika. Hata hivyo, kabla ya kukata, sharti ajiulize: mwandishi aliyachota wapi mawazo yake? Ni kipi katika hadithi kinachosimama juu ya asili hiyo? Na ni msomaji yupi atakayefutwa kikiondolewa?

Tawi laweza kupogolewa na mti ukanawiri. Mzizi ukikatwa, hubaki gogo lenye jina la mti.