Santuri ya Remmy Ongala na Neno "Mnyonge"

Mwaka 1989 santuri ya nyimbo za Kiswahili ilitoka Uingereza ikiwa na jina la Kiingereza: Songs for the Poor Man. Mwenye nyimbo ni Remmy Ongala, na bendi yake Super Matimila. Walirekodi katika studio za Real World, kijiji cha Box, kwa ajili ya lebo iliyokuwa mpya kabisa ya Peter Gabriel. Ulaya waliipokea vizuri sana.

Mimi nina ugomvi na hilo jina tu. "Poor man" ni maskini, na Remmy alimwimba mnyonge. Si mtu mmoja hao. Maskini hana pesa; mnyonge hana wa kumtetea. Unaweza kuwa na kibanda chako na mshahara wako, bado ukawa mnyonge mbele ya karani, askari au mwenye nyumba. Ndiyo maana wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Walitaja haki, hawakutaja pesa.

Neno lenyewe lina historia nzito. Azimio la Arusha la 1967 lilitaja unyonge wetu kuwa chanzo cha kuonewa. Miaka ishirini baadaye Remmy akalichukua neno hilo la wakubwa na kulirudisha mtaani, katika nyimbo kama "Mnyonge Hana Haki" na "Sauti ya Mnyonge", huu wa pili ukiwa kwenye santuri hii. Kwa aliyekulia kwenye siasa ya Azimio, hilo lilikuwa swali: mbona mnyonge bado yupo?

Na aliyeuliza alikuwa mtu wa kuja. Remmy alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy. Hata Matimila ni jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo vya bendi. Mwimbaji wa wanyonge alipiga gita chini ya jina la tajiri.

Sasa, kwa nini santuri itoke Uingereza? Kwa sababu nyumbani hapakuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Zamani bendi zetu zilikwenda Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa, na njia ile ikawa ngumu. Ikabaki Redio Tanzania: bendi inarekodi pale, wimbo unapigwa hewani, tepu inabaki maktaba. Msikilizaji anaupenda wimbo lakini hana cha kununua.

Kwa hiyo sauti ya mnyonge ikauzwa madukani Ulaya, kwa watu ambao wengi wao walicheza bila kushika neno hata moja. Mwenye wimbo, yule wa Manzese au Buguruni, aliusikia redio ikipenda. Na kuna siku haikupenda: "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu wakati wa UKIMWI, redio iligoma kuupiga.

Simlaumu Remmy. Tepu huchakaa, na bila santuri ile huenda leo tungekuwa tunasimuliana tu kwamba alikuwa hodari. Lakini wageni walihifadhi sauti, na maneno hawakuweza kutuhifadhia. Hiyo ni kazi yetu sisi wapenzi wa fasihi: kuyaandika mashairi yake, kuyafafanua, kuyaweka rafu moja na diwani tunazosifia kila siku.

Remmy alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Santuri yake ni vigumu kuikuta huko Sinza alikoishi. Lakini panda daladala, utamsikia konda akiita kituo: "Kwa Remmy, wapo?" Abiria wanashuka, wengine hawajui hata huyo Remmy alikuwa nani.